Wataalamu wa sumu wasiisahau lugha ya mkulima

Kila mara matokeo ya mtihani wa kidato cha nne yanapotangazwa, wazazi na watoto wao huzitaja taaluma zile zile: udaktari, uanasheria, uhandisi, na siku hizi kompyuta. Ni nadra kumsikia mzazi akisema kwamba angependa mwanawe asomee sumu. Atakayethubutu kutamka hivyo mbele ya majirani huenda akadhaniwa kuwa ana kisasi na mtu. Hata hivyo, taaluma hiyo ipo, inafundishwa katika vyuo vikuu vyetu, ina ajira zake, na maisha ya Wakenya wengi yanaitegemea bila wao kujua. Nia yangu leo ni kuieleza kwa vijana wanaotafuta njia ya maisha. Aidha, nataka kulitaja pengo moja ambalo mwanaisimu hawezi kulifumbia macho: mtaalamu wa sumu hufunzwa kuitambua na kuipima, lakini ni mara chache afunzwapo kumweleza mwananchi wa kawaida habari zake kwa lugha anayoielewa.

Taaluma yenyewe hujulikana kama toksikolojia, na baadhi yetu tunapendelea kuiita elimusumu. Kazi yake ni kuchunguza jinsi vitu mbalimbali vinavyoudhuru mwili wa binadamu, wa mnyama, na hata mazingira tunamoishi. Msingi wake hunasibishwa na tabibu Paracelsus, aliyeishi Ulaya kati ya mwaka 1493 na 1541. Tabibu huyo alishikilia kwamba kila kitu kina sumu ndani yake, na kwamba kinachoitenga sumu na dawa ni kipimo. Chumvi tuitiayo mchuzini hudhuru ikizidi mno, na dawa inayomponya mgonjwa wa moyo yaweza kumuua akipewa kupita kiasi. Ndiyo maana mwanaelimusumu huuliza mambo matatu kabla ya kutoa hukumu: ni kiasi gani, kimemwingia nani, na kwa muda gani?

Hapa nchini, mahali panapojulikana sana kwa mafunzo haya ni Kabete. Katika kampasi ya Upper Kabete ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kitivo cha utabibu wa mifugo kina Idara ya Afya ya Umma, Famakolojia na Toksikolojia. Huenda msomaji akashangaa kuwa elimu ya sumu imekaa pamoja na elimu ya ng'ombe na mbuzi. Sababu iko wazi. Ng'ombe anayeoshwa kwa kemikali ya kuua kupe hutoa maziwa tunayoyanywa, na kuku anayelishwa mahindi yaliyoota kuvu hutaga mayai tunayoyala. Sumu haina mpaka baina ya zizi na meza ya chakula. Wanaoingia katika shahada ya uzamili ya fani hii huwa wamekwisha kupata shahada ya kwanza katika taaluma kama utabibu wa mifugo, famasia, kemia au biokemia. Kwa hivyo kijana aliye sekondari leo anayeitamani njia hii na ashike kwa nguvu masomo ya kemia na biolojia.

Je, akihitimu ataajiriwa wapi? Idara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, yenye maabara Nairobi, Mombasa na Kisumu, huchunguza vielelezo vinavyopelekwa na polisi na hospitali pale mtu anapofariki katika hali ya kutatanisha. Shirika la Viwango la Kenya hupima unga, maziwa na mafuta ya kupikia. Ipo bodi inayosajili kemikali za kuulia wadudu, na ipo nyingine inayosimamia dawa za binadamu, ambayo jina lake rasmi la Kiingereza limeyaweka maneno ya famasia na sumu bega kwa bega. Kuna pia mamlaka ya mazingira, taasisi za utafiti wa tiba, kilimo na mifugo, mashamba ya maua na ya mboga zinazouzwa ng'ambo, ambako mzigo mzima waweza kurudishwa kwa sababu ya mabaki ya kemikali, na viwanda vya dawa na rangi. Sidai kwamba nafasi hizi zinamngoja kila mhitimu mlangoni. Ajira za serikali ni chache na ushindani ni mkali. Ninachodai ni kwamba kazi yenyewe ipo, na ni kubwa kuliko idadi ya watu wanaoifanya.

Ushahidi wa ukubwa huo tunao. Mwaka 1981 katika wilaya ya Machakos ya wakati ule, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini baada ya kula mahindi yenye aflatoksini, sumu inayotokana na kuvu, na 12 kati yao wakafariki. Ungedhani tulijifunza. Mwaka 2004 balaa lile lile lilirejea katika maeneo ya mashariki na kati, Makueni na Kitui yakiathirika zaidi. Watu 317 waliugua na 125 wakafa, maini yao yakiwa yameharibika. Wachunguzi walipopima sampuli za bidhaa za mahindi zilizokuwa zikiuzwa sokoni katika maeneo hayo, asilimia 55 zilikutwa na sumu kupita kiwango kilichoruhusiwa wakati huo cha sehemu 20 kwa kila sehemu bilioni moja. Asilimia 7 zilipita hata sehemu 1,000. Mahindi hayo yalikuwa yamehifadhiwa yakiwa na unyevu, nayo kuvu ikajiotea. Jambo la kutisha ni kwamba sumu hii haiondolewi na moto wa jikoni. Mama aliyesonga ugali na kuuivisha vizuri hakuwa ameikinga familia yake hata chembe.

Pwani nako kuna kisa cha Owino Uhuru, mtaa wa watu wa kipato cha chini mjini Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilifanya kazi kuanzia mwaka 2007 hadi 2014. Moshi na maji machafu ya kiwanda hicho yaliwaachia wakazi madini ya risasi mwilini. Bi Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, ndiye aliyelivalia njuga suala hilo baada ya mwanawe kuugua, na mwaka 2015 akatunukiwa tuzo ya kimataifa ya mazingira ya Goldman. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Serikali na washtakiwa wengine walikata rufaa, na kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu, ambayo Desemba 2024 iliirejesha fidia hiyo. Kesi ya namna hii haiwezi kusimama bila vipimo vya damu na vya udongo, wala bila mtaalamu wa kueleza maana ya vipimo hivyo.

Sasa nigeukie lugha, ambayo ndiyo kazi yangu. Hebu tazama neno lenyewe, risasi. Katika Kiswahili ni jina la madini, na ni jina la kile kitokacho kwenye bunduki. Mwananchi anayeambiwa kuwa mtoto wake ana risasi kwenye damu atashtuka kwanza, kisha hataelewa kitu, kwa sababu mtoto hana jeraha. Aelezwe kwamba ni madini yaliyomo ndani ya betri, kwamba yanaingia kwa vumbi na maji, kwamba huidhuru akili ya mtoto taratibu bila maumivu, na kwamba wataalamu wa afya hawajapata kiwango ambacho wanaweza kukiita salama. Maelezo hayo hayachukui hata dakika mbili, ila yanamhitaji mtu mwenye ujuzi wa mambo mawili, sumu na Kiswahili.

Neno lililo na hatari kubwa zaidi ni dawa. Tumelirithi kutoka Kiarabu, kama tulivyolirithi neno sumu, lakini katika vinywa vyetu limetanuka mno. Tuna dawa ya kikohozi, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya mbu na dawa ya panya. Mkulima husema kwamba ametia dawa mahindi ghalani, au amepiga dawa sukumawiki. Sijapata kumsikia yeyote akisema kuwa ameyatia mahindi yake sumu, ingawa hilo ndilo alilolifanya. Jina huongoza mkono. Kinachoitwa dawa hukorogwa kwa mikono mitupu, chupa yake huoshwa na kutekewa maji ya kunywa, na mabaki yake huwekwa juu ya kabati karibu na vidonge vya malaria. Kinachoitwa dawa, kikizidishwa kidogo, huaminiwa kuwa kitaponya zaidi. Mboga iliyonyunyiziwa asubuhi hupelekwa sokoni jioni, ilhali kibandiko cha chupa kinaagiza mkulima asubiri siku kadhaa kabla ya kuvuna. Mkulima huyu si mjinga, kwani anatenda kulingana na neno alilopewa.

Wapo watakaosema kwamba lugha zetu hazina uwezo wa kuibeba sayansi hii. Hoja hiyo haina mashiko. Neno toksikolojia lenyewe lina asili yake katika neno la Kigiriki lililohusiana na upinde, likaja kumaanisha sumu iliyopakwa kwenye mishale. Katika jambo hilo mababu zetu hawakuwa nyuma ya Wagiriki. Wamijikenda, Waata na Wakamba waliujua mti uitwao msunguti, wakauchemsha hadi utomvu ukawa mzito, wakapaka mishale yao na kuangusha ndovu. Walijua sehemu ipi ya mti ni kali, walijua namna ya kuihifadhi, na walijua kuijaribu nguvu yake. Mwaka 1888 mwanakemia wa Kifaransa aliitenga kemikali iliyomo katika mti wa jamii hiyo, nayo ikaitwa uabaini, kutokana na neno la Kisomali, waabaayo, linalotaja sumu ya mishale. Kemikali hiyo baadaye ilitumiwa na matabibu kutibu moyo. Basi sayansi ya sumu imewahi kuja kukopa neno hapa kwetu, nasi tunasema kuwa hatuna maneno!

Wenzetu wa Tanzania wametutangulia. Kile tunachokiita aflatoksini kwa kuumauma ulimi, wao hukitaja kwa neno sumukuvu, ambalo hujumuisha sumu zote zitokanazo na kuvu. Mkulima akilisikia mara moja, anajua ni nini na imetoka wapi. Kemikali za kuua wadudu, magugu na kuvu wanaziita viuatilifu, na neno hilo limo katika jina rasmi la mamlaka yao ya afya ya mimea. Huenda msomaji akauliza kama maneno ya kubuniwa yana uhai wowote. Na akumbuke neno ukimwi. Lilitungwa katika miaka ya 1980 kutokana na maelezo ya upungufu wa kinga mwilini, na leo hakuna kijiji kisichokuwa nalo. Lilisambaa kwa sababu hatari ilikuwa kubwa, na redio, walimu na wauguzi walilitumia kila siku.

Ninapendekeza, kwa hivyo, mambo matatu. Kwanza, kila mwanafunzi wa uzamili anayewasilisha tasnifu kuhusu sumu atakiwe kuandika pia muhtasari wa kurasa mbili au tatu kwa Kiswahili sanifu, unaoweza kusomwa redioni au barazani kwa chifu. Asiyeweza kumweleza mkulima matokeo ya utafiti uliofanywa katika ghala la mkulima huyo huyo amebakisha nusu ya kazi. Pili, idara za Kiswahili na idara za elimusumu zishirikiane kutayarisha faharasa ndogo ya istilahi, zikianzia kwa zile zilizokwisha kutumika nchi jirani badala ya kuanza upya kwa ajili ya fahari. Tatu, bodi zinazosajili kemikali ziajiri wahitimu wa Kiswahili wa kuhariri vibandiko, ili neno sumu lisomeke kwa herufi kubwa, na maagizo ya kipimo na siku za kusubiri yaeleweke na mtu aliyeishia darasa la nane. Wanafunzi wangu wa isimu wanaouliza watakula wapi na waione hapo nafasi yao.

Najua nitaambiwa kwamba lugha ya sayansi ya kimataifa ni Kiingereza, na kwamba mtaalamu wetu lazima aandike katika majarida ya ng'ambo. Sipingi. Na aandike. Lakini Katiba ya mwaka 2010 iliufanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi, na katika kifungu cha 46 ikampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike kikamilifu na bidhaa hiyo. Habari iliyoandikwa kwa lugha asiyoijua mnunuzi ni sawa na habari ambayo haikuandikwa.

Kwa kijana aliye na alama nzuri za kemia na asiyejua aelekee wapi, nasema elimusumu ni njia ya heshima, na nchi inamhitaji. Kwa wahadhiri wenzangu wa Kabete na kwingineko, ombi langu ni dogo. Mvua zijazo zitakapokatika na mahindi yakaanza kuanikwa kando ya barabara za Ukambani, mkulima apate kusikia kutoka kwenu, kwa Kiswahili, kwamba punje zihifadhiwe zikiwa kavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, zisianikwe juu ya udongo mtupu, na zile zilizoota kuvu asipewe mtu wala mnyama. Watu 125 waliofariki mwaka 2004 walistahili kuambiwa hayo mapema, na kwa lugha waliyoielewa.