Jamii Ni Nini? Somo la Kwanza kwa Askari na Jamaa Zake

Mtoto azaliwapo hajui lugha, hajui salamu, hajui lililo la haya wala lililo la heshima. Afikapo umri wa kwenda shule amekwisha kuyajua mengi ya hayo, wala hapakuwa na mwalimu aliyemwandikia ubaoni. Amefunzwa na watu waliomzunguka. Elimu inayochunguza jinsi watu wanavyoishi pamoja, wanavyofunzana, wanavyotiiana na wanavyogombana huitwa elimu ya jamii, au sosholojia. Ni elimu ya vyuo vikuu, lakini misingi yake yaweza kueleweka na kila mtu. Mahali pazuri pa kuiona misingi hiyo ni kambi ya askari, ambamo watu wa makabila mengi, wa vyeo vingi na wa umri mbalimbali huishi ukuta kwa ukuta.

Jina la elimu hii lilipata kujulikana kwa maandishi ya Mfaransa Auguste Comte, aliyelitumia mwaka 1838. Lakini fikira zenyewe ni za kale zaidi, na Afrika inayo sehemu yake. Ibn Khaldun, mwanachuoni aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 na kufariki Cairo mwaka 1406, aliandika katika mwaka 1377 kitabu kiitwacho Muqaddima. Humo aliuliza kwa nini kabila dogo la jangwani huweza kuushinda ufalme mkubwa wenye mali. Jibu lake lilikuwa neno moja la Kiarabu, asabiya, yaani mshikamano wa watu wanaojiona kuwa wamoja. Wenye mshikamano hushinda. Wajukuu wao wakizoea raha ya mjini, kamba hulegea, na ufalme aghalabu haudumu zaidi ya vizazi vitatu. Askari yeyote aliyewahi kulala doria pamoja na wenzake aweza kufahamu maana ya maneno hayo bila kufasiriwa.

NAFASI NA WAJIBU

Fikira ya kwanza ya kujifunza ni tofauti ya nafasi na wajibu. Nafasi ni mahali mtu alipo katika jamii: baba, mke, koplo, mwalimu, jirani. Wajibu ni matendo ambayo watu huyatazamia kwa mwenye nafasi hiyo. Mmarekani Ralph Linton, aliyeyaeleza mambo haya mwaka 1936, alizigawa nafasi mafungu mawili. Ziko ambazo mtu huzaliwa nazo au hupewa bila kuzitafuta, kama kuwa mwanamume au mwanamke, kifungua mimba au kitindamimba. Ziko nyingine ambazo mtu huzipata kwa juhudi yake, kama cheo cha sajini au shahada ya uuguzi.

Hakuna mtu mwenye nafasi moja tu, na hapo ndipo taabu huanza. Polisi aitwapo kwenda kumkamata mtu, akakuta ni mtoto wa shangazi yake, nafasi mbili humvuta kwa wakati mmoja. Undugu wamwambia afumbe macho. Kiapo chamwambia atimize kazi. Wataalamu huliita jambo hili mgongano wa wajibu. Si dalili ya moyo mbaya. Ni matokeo ya mtu mmoja kusimama mahali pawili. Ndiyo maana kazi kama hiyo ni afadhali akabidhiwe askari mwingine asiye na uhusiano na mtuhumiwa, kwani kanuni nzuri humwondolea mtu jaribu kabla halijamfika.

Mgongano mwingine hutokea ndani ya nyumba, nao huvunja ndoa nyingi ambazo hazikustahili kuvunjika. Chukua mfano wa askari aliyekaa mpakani miezi minane. Katika muda huo mkewe amekuwa mama na baba: amelipa ada, amemkemea mwana aliyeanza kutoroka shule, ameamua lipi linunuliwe na lipi lingoje. Siku bwana anaporudi, macho yake yanatua kwenye zizi.

"Mama Asha, yule beberu yuko wapi?"

"Nimemwuza, Baba Asha. Ada ya shule haikuweza kukungoja."

"Na aliyekupa ruhusa ni nani?"

Katika maneno hayo machache yamo mambo makubwa. Mume ameiacha nafasi ya mkuu wa nyumba na anataka kuikuta palepale alipoiacha. Mke ameibeba nafasi hiyo kwa miezi minane, ameimudu, na sasa anatakiwa kuitua chini kwa siku moja bila hata kuambiwa ahsante. Kila mmoja humwona mwenzake amebadilika, naye hudhani kwamba mapenzi yamekwisha. Kumbe kilichogongana ni wajibu. Dawa yake si makelele wala kwenda kumlalamikia mzee wa ukoo usiku huo huo. Yafaa wawili hao waketi, mume asikilize kwanza yote yaliyofanyika alipokuwa hayupo, kisha wagawane upya: lipi litarudi mikononi mwake, lipi litabaki kwa mkewe, na lipi litaamuliwa kwa shauri la wote wawili. Tena wagawane hali wakijua kwamba amri ya kuhama yaweza kuja tena.

KUNDI LA KARIBU

Mwaka 1909 Mmarekani Charles Horton Cooley aliyatenga makundi ambayo watu hujuana humo uso kwa uso, hula pamoja na kusaidiana: jamaa ya nyumbani, watoto wachezao pamoja, majirani. Aliyaita makundi ya msingi, kwa kuwa humo ndimo utu wa mtu hujengwa. Makundi mengine ni makubwa, nayo huendeshwa kwa sheria na karatasi: wizara, kampuni, jeshi lenyewe.

Lakini ndani ya jeshi kubwa kundi la karibu halifi. Wataalamu wawili, Edward Shils na Morris Janowitz, waliandika mwaka 1948 juu ya askari wa Ujerumani katika Vita Kuu ya Pili. Walitaka kujua kwa nini wengi waliendelea kupigana hata ushindi ulipokuwa hautumainiwi tena. Walikuta kwamba jambo lililowashikilia zaidi halikuwa siasa ya chama chao, bali wenzao wa kikosi kidogo. Kikosi kilipotawanyika, moyo wa kupigana nao ulitoweka.

Lugha ni mojawapo ya kamba za kundi. Katika jeshi la King's African Rifles, lililoundwa mwaka 1902, na baadaye katika majeshi na polisi wa nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Kiswahili kiliwakutanisha vijana waliotoka kwao bila neno moja la kuelewana.

Mfaransa Émile Durkheim alilitazama jambo hili kwa upande wake wa huzuni. Mwaka 1897 alitoa kitabu juu ya watu wanaojiua. Alionyesha kwamba tendo hilo, ambalo huonekana kuwa siri ya mtu mmoja, huongezeka au hupungua kulingana na vifungo vya jamii. Wenye jamaa na watoto walijiua kwa uchache kuliko wapweke. Lakini alikuta pia kwamba katika majeshi ya Ulaya ya wakati wake askari walijiua zaidi kuliko raia. Kwa maoni yake, mtu huangamia akikosa kamba ya kushika, na pia kamba ikimkaza hata asijithamini mwenyewe. Kwa hiyo mwenzi aliyenyamaza ghafula, asiyekula pamoja na wengine, aliyeanza kugawa vitu vyake, asiachwe peke yake. Aulizwe kwa upole, apelekwe kwa mganga wa kambi, kwa kiongozi wa dini au kwa mkubwa anayemwamini. Kufanya hivyo ni kuokoa maisha, wala si kumtia aibu.

KUFUNZWA UPYA

Mafunzo ya utotoni siyo ya mwisho. Kuruta aingiapo chuoni hunyolewa nywele, huvua nguo za kwao, hupewa namba, na tangu hapo huamka na kulala kwa saa moja na wenziwe. Erving Goffman, katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliviweka pamoja vyuo vya namna hii na magereza, hospitali za wagonjwa wa akili na nyumba za watawa. Yote ni mahali ambapo watu hulala, hufanya kazi na hupumzika chini ya mamlaka moja, wametengwa na ulimwengu wa nje. Mtu wa zamani huvunjwavunjwa ili mtu mpya ajengwe.

Jeshi lahitaji hayo, lakini yana gharama yake. Aliyezoea kuamriwa na kuamrisha huona taabu siku anapostaafu, maana kijijini hapana baragumu wala zamu. Watoto waliokulia kambini nao hupoteza kwa siku moja nyumba, shule na rafiki. Jamaa yenye busara huanza kuizoea siku hiyo mapema: huzuru nyumbani wakati wa likizo, na huwafunza watoto lugha na desturi za upande wa baba na wa mama.

MAMLAKA

Kwa nini watu hutii? Mjerumani Max Weber, aliyefariki mwaka 1920, alitaja aina tatu za mamlaka halali. Ya kwanza ni ya mila, kama ile ya chifu au mzee wa ukoo. Ya pili ni ya mtu mwenye mvuto wa pekee, ambaye watu humfuata kwa kumwamini yeye mwenyewe. Ya tatu ni ya sheria, ambamo hutiiwa cheo wala si mwenye cheo. Polisi asimamishapo gari, dereva haitii sura yake. Huitii sheria iliyomvika sare. Kwa sababu hiyo, aitumiaye sare kudai kuku wa bure sokoni huichakaza mali isiyo yake.

KUJIPIMA KWA JIRANI

Fikira ya mwisho huwashangaza wengi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Samuel Stouffer na wenzake waliwahoji askari wa Marekani zaidi ya nusu milioni, na matokeo yakachapishwa mwaka 1949. Katika kikosi cha anga watu walipandishwa vyeo upesi. Katika polisi wa jeshi walipandishwa polepole mno. Ingedhaniwa kwamba wa anga ndio walioridhika zaidi na nafasi ya kupanda cheo. Ikawa kinyume chake. Askari wa anga asiyepanda aliwaona wenzake wengi wamepanda, akajiona amedhulumiwa. Polisi wa jeshi asiyepanda aliwaona wengi walio kama yeye, akatulia.

Watu, basi, hupima hali yao kwa kumtazama jirani. Ndivyo ilivyo hata katika nyumba za kambi, redio mpya ya nyumba ya pili inapozua ugomvi katika nyumba ya kwanza, ingawa chakula hakikupungua. Fikira hii isitumiwe kumnyamazisha mwenye haki. Mshahara uliocheleweshwa umecheleweshwa kweli. Lakini yafaa kila nyumba ijiulize: je, tumepungukiwa, au tumemwona mwenzetu amezidi?

Elimu ya jamii haimwondolei mtu wajibu wa matendo yake. Humpa macho ya kuona kwamba nyuma ya ugomvi wa watu wawili mara nyingi zimo nafasi zao, kundi lao, mafunzo yao na kipimo wanachojipimia. Mwenye kuyatambua hayo hukawia kulaumu na huharakisha kuuliza, na tabia hiyo huijenga nyumba kama inavyokijenga kikosi.