Kula Noeli kwa Jirani: Msamiati wa Kisu na Sahani katika Mji wa Goma

Katika Kiswahili sikukuu huliwa. Mtu wa Mombasa huulizwa mwaka huu atakula Idi wapi, na mtu wa Goma huulizwa atakula Noeli kwa nani na Bonane kwa nani. Ng'ambo ya mpaka, Wanyarwanda nao husema kurya Noheli kwa maana ile ile, basi hatuna haja ya kudhani kuwa msemo huu umetoka Pwani. Ni mazoea ya lugha za Kibantu za eneo hili kuitazama sikukuu kama kitu kinachoingia kinywani. Hata hivyo msemo huo unazua swali moja ambalo wanafunzi wetu hulikwepa wanapokusanya msamiati wa vyakula. Mwislamu wa Birere au wa Katindo anaposema kwamba familia yake ilikula Noeli kwa jirani, amesema nini hasa? Je, amekiri kuwa ameshiriki ibada ya dini nyingine, au amesema tu kwamba alipewa nyama?

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi chakula hicho cha pamoja kinavyowezekana, na jinsi maneno machache ya Kiswahili yanavyobeba masharti yake. Hatuzungumzii mafundisho ya dini kwa ajili ya mafundisho yenyewe. Tunayagusa pale tu ambapo bila hayo neno halieleweki.

Wangwana na majirani zao

Ikumbukwe kuwa Uislamu uliingia mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya pembe za ndovu na watumwa iliyotoka Zanzibar na Tabora. Nyangwe na Kasongo, katika Maniema ya leo, ilikuwa miji ya Waswahili kabla ya Wabelgiji kuweka mamlaka yao huko. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, alifanywa liwali wa Stanley Falls mwaka 1887, na vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wa wafanyabiashara hao. Baada ya hapo Waislamu walibaki wachache chini ya dola iliyowakabidhi wamisionari shule zake. Watu hao waliitwa wangwana. Huko Pwani, mwungwana ni mtu huru, aliyelelewa vema. Hapa kwetu neno lilikuja kumaanisha Mwislamu mwenye desturi za Kiswahili, na lugha yake ikaitwa Kingwana. Kwa hiyo padri anayehubiri usiku wa Noeli mjini Goma anatumia lugha iliyofunguliwa njia na watu wasiosherehekea Noeli. Jambo hili hatulisemi mara nyingi, na pengine tungefanya vema kulisema.

Goma ulikua kama kituo cha utawala na biashara kando ya ziwa. Waislamu walifika kutoka Maniema, Kisangani, Bukavu na ng'ambo ya mpaka, wengi wao wakiwa wachuuzi, mafundi na madereva. Mwislamu wa Goma hukaa uwanja mmoja na Wakristo, hutumia bomba moja nao, na mara nyingi ana shemeji, mjomba au mama mzazi aliyebatizwa. Noeli haimfikii kutoka mbali. Humfikia kupitia ukuta wa mbao.

Sikukuu yenyewe haikuwa na hadhi moja wakati wote. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu iliiondoa tarehe 25 Desemba katika orodha ya siku za mapumziko, wakati wa siasa ya uhalisi. Noeli ikabaki shughuli ya kanisa na ya nyumbani. Leo siku hiyo ni ya mapumziko tena.

Nani alichinja?

Chakula cha Noeli mjini Goma ni nyama ya kuchoma kwanza, na mengine baadaye: wali au bugali, sombe, ndizi, viazi. Bata mzinga, ambaye Waislamu wengi wa Uingereza humnunua siku hizo akiwa amechinjwa kwa sheria yao, hapa si desturi. Hapa ni mbuzi, na kwa mwenye uwezo mdogo ni kuku. Tutofautishe maneno. Kuoka ni kupika kwa joto la tanuri. Kubanika ni kuweka nyama juu ya moto kwa vijiti au wavu. Kuchoma, katika matumizi ya Goma, hukusanya yote mawili na hata zaidi. Nyama huwekwa juu ya mbabula iliyojaa makala, ikageuzwa, ikapakwa chumvi na pilipili. Kwa upande wa upishi, hakuna tofauti kati ya mbuzi wa Idi na mbuzi wa Noeli. Tofauti iko kabla ya moto, na imo katika kitenzi kimoja: kuchinja.

Kwa Mwislamu kuchinja si kuua tu. Mnyama hukatwa koromeo, umio na mishipa ya shingo kwa kisu kikali, jina la Mungu hutajwa, damu huachwa itoke. Mnyama aliyekufa pasipo hayo ni kibudu, na nyama yake haramu. Mkristo wa Goma hutumia kitenzi kicho hicho bila masharti hayo. Ndiyo maana swali linaloulizwa mlangoni, "nani alichinjaka?", lina uzito kuliko linavyosikika. Halimwulizi mwenyeji kama nyama ni safi. Linamwuliza kama alimfikiria mgeni wake tangu asubuhi.

Na mara nyingi alimfikiria. Desturi inayojulikana katika Kenya, Uganda, Tanzania na hapa Kivu ni kwamba Mkristo anayetazamia wageni Waislamu humwita Mwislamu amchinjie. Kisu hutoka kwa jirani, mbuzi hutoka kwa mwenye sikukuu. Mchinjaji huondoka na kipande chake, au hurudi mchana na watoto wake. Kwa mtazamo wetu, hapa ndipo sherehe inapokuwa ya watu wote, saa kadhaa kabla ya mtu yeyote kuketi.

Msomaji makini atauliza: kwani Kurani, katika sura ya Al-Maida, aya ya 5, haihalalishi chakula cha Watu wa Kitabu, yaani Wayahudi na Wakristo? Kwa nini basi Mwislamu wa hapa asile nyama iliyochinjwa na Mkristo? Jibu liko katika fiqhi. Waislamu wa Pwani, na wale wa Kongo waliopokea dini kutoka kwao, wengi wao hufuata madhehebu ya Imamu Shafii. Katika madhehebu hayo, kama yanavyoelezwa katika Minhaj ya Imamu Nawawi, mchinjaji awe mtu ambaye kuoana naye kunaruhusiwa, na wasiokuwa wana wa Israeli wakahesabiwa kuwa Watu wa Kitabu ikiwa wazee wao waliingia dini hiyo zamani, kabla ya kufutwa kwake. Mkristo ambaye babu yake alibatizwa na wamisionari hatimizi sharti hilo. Hivyo desturi ya Afrika Mashariki ikawa kali kuliko dhahiri ya aya. Wapo wanazuoni wa leo wanaochukua rai pana zaidi, lakini kisu cha mtaani kimeendelea kufuata desturi.

Kuna nyama isiyo na njia. Nguruwe, ambaye wengi hapa humwita ngulube, hupendwa katika nyumba nyingi za Kikristo siku hiyo, na tatizo lake halikomei kwake. Wavu uliobanika nguruwe, kisu kilichomkata, mafuta yaliyomkaanga, vyote huwa na shaka. Mwenyeji mwenye adabu huwasha mbabula mbili. Asiyeweza hukimbilia ziwani: samaki hahitaji kuchinjwa, na sambaza, samaki wadogo waliopandikizwa katika Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wameokoa meza nyingi. Kuhusu kinywaji, lugha imejipangia yenyewe. Pombe ina majina yake, kasiksi ikiwa mojawapo. Soda huitwa sukre, neno la Kifaransa lililovaa sauti ya Kiswahili, na mama anayesema "watoto wa Papa Fulani wapewe sukre" ameshatoa hukumu nzima bila kutaja dini ya mtu.

Tusifikirie kuwa mambo haya ni madogo. Mwezi wa Aprili 1993 mabucha ya nguruwe yalivunjwa jijini Dar es Salaam, na mgogoro huo ukaitikisa siasa ya nchi. Mwezi wa Februari 2013, huko Buseresere katika mkoa wa Geita, ugomvi juu ya nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuzwa uligharimu uhai wa mchungaji mmoja. Katika mabishano hayo kisu kilidaiwa kama haki. Katika uwanja wa Goma kisu huombwa na hutolewa kama msaada. Tendo ni lile lile. Aliyelitaja na jinsi alivyolitaja ndiko kunakolibadilisha. Mwanafunzi wa pragmatiki atapata hapa kazi ya kutosha.

Sahani iliyosubiri magharibi

Kalenda ya Kiislamu hufuata mwezi, nayo hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka. Kwa sababu hiyo Noeli za 1998, 1999 na 2000 ziliangukia ndani ya Ramadhani. Ile ya 2000 ilikaribia sana Idi el-Fitri, iliyokuja siku mbili tu baadaye. Katika miaka kama hiyo mwalikwa hawezi kula mchana. Sahani hufunikwa na kupelekwa kwake, ikafunguliwa baada ya adhana ya magharibi, na nyama ya Noeli ikawa futari. Hapo kitenzi kula hukaa na nomino mbili bila ugomvi: aliyeipeleka amempa mwenzake Noeli, na aliyeipokea amefuturu. Hali hiyo itarudi katika Noeli za 2031 na 2032.

Sahani hiyo ina safari ya kurudi. Katika Idi el-Hajj nyama ya udhia, kwa desturi, hugawanywa mafungu matatu: la nyumbani, la jamaa na majirani, la maskini. Fungu la pili ndilo linalomfikia jirani Mkristo. Neno fungu ni muhimu kwa kuwa linatenga haki na fadhila. Anayepokea fungu hakukirimiwa kwa huruma. Alikuwa katika hesabu. Jirani aliyekula fungu la Idi hujiona ana deni, na Noeli humpa nafasi ya kulilipa.

Wapo wanaopinga, na tusiwafiche. Baadhi ya masheikh hufundisha kuwa kuhudhuria karamu ya Noeli ni kuikubali itikadi kwamba Isa ni mwana wa Mungu, na kwamba ujirani una siku nyingine mia tatu na zaidi za kuonyeshwa. Wengine hutenga ibada na ada: kanisani haendi mtu, lakini nyama halali kwa jirani ni nyama halali. Kiswahili kinasaidia upande huu wa pili kwa namna ya pekee. Mwislamu husema Nabii Isa na Mariamu, Mkristo husema Yesu na Maria, na kila mmoja akisikia jina la mwenzake anajua mpaka uko wapi. Wanaweza kuzungumza juu ya mtoto yule yule jioni nzima, kila mtu kwa jina lake, wala hakuna anayelazimika kusahihisha.

Katika Kivu ya Kaskazini suala hili limekuwa zito kwa sababu nyingine. Tarehe 1 Mei 2021, Sheikh Ali Amini, aliyekuwa akiwalaani hadharani wauaji wa kundi la ADF, alipigwa risasi msikitini mjini Beni akiwa katika swala. Tarehe 25 Desemba mwaka huo huo, mjini humo humo, mtu mwenye bomu alijilipua mlangoni mwa mkahawa uliojaa watu waliokuwa wakila Noeli. Kundi lililolaumiwa linadai kutumikia Uislamu. Baada ya matukio hayo, Mwislamu anayetembea kuelekea karamu ya Noeli hatembei kama alivyotembea zamani, wapo wanaomtazama. Mwenyeji anayemwita achinje, akampa kisu mbele ya wageni wote, anajibu mtazamo huo bila hotuba. Tunaona kuwa tendo hili lilikuwa adabu tu hapo awali, na sasa limekuwa ushahidi.

Umaskini nao umeingia katika hesabu. M23 walipoutwaa mji wa Goma mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifungwa na fedha taslimu zikaadimika. Mbuzi mzima ni mzigo kwa nyumba moja katika hali ya namna hiyo, na njia iliyozoeleka ni kuchanga: nyumba mbili au tatu, mbuzi mmoja. Ikiwa mojawapo ni ya Waislamu, suala la mchinjaji hukatwa siku ya kuchanga, kabla mbuzi hajanunuliwa, kwa sababu anayetoa fedha zake kwa kibudu amezitupa. Hapo mchinjaji Mwislamu si heshima kwa mgeni tena. Ni sharti la mshirika, na Mkristo hapotezi kitu kwa kulikubali.

Limebaki suala la salamu. Anayeingia katika karamu hapana budi aseme neno. Mkristo husema Noeli njema. Mwislamu asiyependa kutamka neno hilo ana neno jingine tayari, lililoundwa kwa vipande viwili vya Kibantu visivyo na dini: sikukuu njema. Mwenyeji hujibu, "na kwenu pia", ingawa huko kwao leo si sikukuu, kisha huuliza kama watoto wako nyuma.