Merikebu Chini ya Ngome: Uzamiaji na Msamiati wa Chombo Mombasa

Anayesimama juu ya kuta za Ngome ya Yesu zinazotazama bahari, pembezoni mwa Mji wa Kale wa Mombasa, huona mkondo wa Bandari ya Kale ukipita chini yake. Asichokiona ni kwamba karibu na ufuko huo, chini ya mchanga na matope, imelala sehemu ya merikebu ya kivita ya Wareno, Santo António de Tanná.

Merikebu hiyo iliundwa Bassein, pwani ya magharibi ya Bara Hindi, mwanzoni mwa miaka ya 1680. Ilitumwa kutoka Goa kuiokoa ngome, ambayo ilikuwa imezingirwa na majeshi ya Oman tangu Machi 1696. Iliporejea Mombasa Septemba 1697, Wareno waliokuwamo ngomeni walikuwa wamekwisha kuteketea kwa maradhi, na ulinzi ulikuwa mikononi mwa Bwana Daud wa Faza na Waswahili wenzake, jambo ambalo aghalabu husahauliwa vita hivyo vinaposimuliwa kama ugomvi wa Mreno na Mwarabu peke yao. Mwezi uliofuata merikebu ikazama. Ngome nayo ikatekwa Desemba 1698.

Wazamiaji wa Mombasa waliyagundua mabaki hayo katika miaka ya 1960. Kati ya mwaka 1977 na 1980 Makumbusho ya Taifa ya Kenya, pamoja na wanaakiolojia wa bahari kutoka Marekani wakiongozwa na Robin Piercy, waliyachimbua. Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mzamiaji huvuta hewa iliyoshindiliwa mtungini, na kila mita 10 anazoshuka humwongezea kanieneo sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya bahari. Kwa hiyo kadiri anavyokwenda chini ndivyo mtungi unavyokwisha upesi, na ndivyo naitrojeni inavyozidi kuyeyuka damuni mwake. Akiibuka kwa pupa, gesi hiyo hugeuka mapovu mwilini na yaweza kumlemaza au kumuua. Aidha, mkondo wa Mombasa hutii mwezi: wakati wa bamvua maji hukimbia kwa nguvu, na wakati wa maji mafu hutulia.

Hata hivyo, ugumu mkubwa zaidi ulikuwa wa kitaaluma. Kila kitu kilipaswa kupimwa na kuchorwa kilipo kabla ya kuguswa. Mwanafunzi wa sarufi atalielewa hili bila taabu: kiambishi 'ki' kikinyofolewa katika neno, hakuna awezaye kusema kama kilikuwa cha ngeli, cha udogo au cha masharti. Vivyo hivyo, kipande cha kaure kilichookotwa na mzamiaji na kuwekwa kabatini kwake ni pambo tu. Kikiachwa kando ya mzinga na mtungi wa maji, huweza kueleza nani alikula wapi ndani ya chombo. Wanaozamia kwa burudani wana meli yao, Dania, iliyozamishwa kwa makusudi nje ya Mombasa mwaka 2002 ili iwe makao ya samaki na matumbawe. Huko hakuna matini ya karne ya 17 ya kuharibiwa.

Vitu vilivyoopolewa vilipelekwa kwenye makumbusho ya ngome. Mbao zenyewe zilipimwa, kisha zikafukiwa tena. Sababu ni kwamba mti uliolowa kwa karne nyingi hushikiliwa na maji yaliyomo ndani yake. Ukikauka ghafla hupasuka na kujikunja. Wasweden waliopandisha merikebu yao Vasa mwaka 1961 waliinyunyizia dawa kwa miaka 17. Mchanga wa Mombasa hufanya kazi ya kuhifadhi bila malipo, kwani huwazuia viumbe watoboao mbao na hewa inayozioza.

Uchimbuaji huo uliripotiwa kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kina maneno yake kwa kila kilichoonekana pale. Uti wa chini wa chombo ni mkuku. Mbavu zinazoinuka juu yake ni mataruma. Nguzo ya tezi ni fasini. Kuziba nafasi za mbao kwa pamba na mafuta ni kutia kalafati, neno ambalo Mwarabu na Mreno, waliokuwa wakipigana hapo, wote wanalo katika lugha zao. Deheni, mchanganyiko wa mafuta na chokaa, hupakwa chini ya chombo dhidi ya watoboaji wale wale. (Neno gereza nalo latokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa, na ngome hii ilitumika kama gereza tangu 1895 hadi 1958.)

Kamusi huyataja mengi ya maneno haya kwa mstari mmoja, bila mchoro. Anayeyajua kwa mkono ni fundi wa majahazi, na mafundi hao wanazidi kupungua kadiri boti za faiba zinavyoenea. Kijana anayejifunza kutengeneza boti ya faiba hana haja ya taruma wala deheni. Mataruma ya Santo António yamekwisha kupimwa, na yangali mahali pake chini ya mchanga. Fundi mzee awezaye kuutazama mchoro wake na kutaja kila kiungo kwa jina huenda asipatikane miaka 20 ijayo.