Tshangalele: Ubao gani unavumilia mvua, jua na mchwa?

LIKASI – Kandokando ya ziwa Tshangalele, terasi ya mbao au gati la kushushia samaki linaweza kuonekana zima leo, na baada ya msimu mmoja wa mvua mguu wa mtu ukatumbukia. Mara nyingi lawama humwangukia fundi. Lakini huenda kosa lilitendeka mapema zaidi, siku ya kununua: mbao zilichaguliwa kwa rangi au kwa bei, bila kuangalia zimetoka sehemu gani ya mti na zitakaa mahali gani.

Jambo hili si dogo kwa wakaaji wa Likasi, Kapolowe na vijiji vya ziwani. Msitu wa Haut-Katanga bado una miti ambayo mbao zake zinaweza kukaa nje kwa miaka mingi. Lakini miti hiyo inakua polepole, inazidi kupungua, na baadhi yake sasa inalindwa na sheria za kimataifa. Anayechagua vibaya anapoteza pesa zake, na pamoja nazo mti ambao hata wajukuu wake hawatauona tena mahali pale.

Ziwa linalopanda na kushuka

Tshangalele si ziwa la asili. Lilitokea pale mto Lufira ulipozibwa na bwawa la Mwadingusha, wakati wa kampuni ya Union Minière, na mtambo wa umeme wa hapo ulianza kazi mwaka 1930. Maji ya ziwa hili hayana kina kirefu. Kiwango kikishuka kidogo tu, ufuko husogea mbali. Mvua zikirudi, maji hurudi juu ya nchi kavu.

Kwa mbao, kupanda na kushuka huko ndiyo taabu kubwa. Nguzo iliyo chini ya maji wakati wote haiozi upesi, kwa sababu kuvu zinazokula mbao zinahitaji hewa. Nguzo iliyo juu, mahali pakavu penye upepo, nayo inasalimika. Sehemu inayolowa leo na kukauka kesho ndiyo inayooza kwanza. Ndiyo maana nguzo ya gati hukatikia karibu na usawa wa maji, wakati kipande cha chini bado kigumu.

Hali ya hewa ya Katanga inaongeza kazi. Mvua ya mwaka, karibu milimita 1,200, inanyesha kati ya Novemba na Aprili. Kisha inakuja kipwa, miezi ambayo mara nyingi haidondoki hata tone. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi, na mchana wa Oktoba joto linapita digrii 30. Ubao unaolala wazi chini ya anga hiyo unavimba wakati wa mvua na kunywea wakati wa kipwa, mwaka baada ya mwaka. Hapo ndipo unapopinda, unapopasuka na kusukuma misumari nje.

Tena kuna mchwa. Vichuguu vyake katika jimbo hili vinaweza kupita urefu wa mita 5, na watu huchimba udongo wake kwa kufyatua matofali. Mwenye nyumba asidhani mchwa watamkosa kwa sababu tu yuko karibu na maji.

Ugumu peke yake hautoshi

Wanunuzi wengi hupima ubao kwa ukucha au kwa msumari: ukikataa kuingia, basi ni mzuri. Kipimo hicho kinasema nusu ya ukweli. Mbao hudumu hasa kwa sababu ya kemikali ambazo mti wenyewe huziweka ndani ya kiini chake, yaani sehemu ya katikati yenye rangi nzito. Kemikali hizo ni sumu au chungu kwa kuvu na wadudu.

Sehemu ya nje, ile nyeupe au ya manjano iliyo chini ya ganda, ndiyo inayopandisha maji mti ukiwa hai. Ina sukari na wanga, chakula kizuri cha wadudu. Hata katika mti unaosifiwa kwa kudumu, sehemu hiyo haidumu. Kwa hiyo mbao mbili za mti mmoja, kutoka gogo moja, zinaweza kutofautiana kabisa: moja ikakaa miaka mingi, nyingine ikawa unga baada ya miaka michache.

Huko Ulaya mbao hupangwa katika madaraja matano ya kudumu, na daraja la 1 ndilo bora. Madaraja hayo yanahesabu kiini tu. Sehemu nyeupe ya mti wowote huwekwa pamoja na mbao dhaifu.

Miti ya hapa nyumbani

Katika miombo ya Haut-Katanga, jina la kwanza kwa kazi ya nje ni mubanga. Kiini chake ni kizito na cha kahawia, mchwa hawakipendi, na kwa muda mrefu watu wamekitumia kwa nguzo, vinu na mipini ya majembe. Ni ndugu wa afrormosia, mti maarufu wa misitu ya upande wa Kisangani. Ubaya wa mubanga ni kazi yake: unamaliza makali ya msumeno, unakataa msumari usipotobolewa kwanza, na shina lake mara nyingi halikunyooka. Basi unafaa zaidi kwa nguzo na boriti fupi kuliko kwa mbao ndefu za sakafu.

Wa pili ni mulombwa, ambao Watanzania wanauita mninga. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Si mzito kama mubanga, lakini una sifa ambayo kwa sakafu ya nje ni kubwa: ukishakauka hauchezi sana, hauvimbi wala kunywea kwa kiasi cha kupinda ubao. Kiini chake kinavumilia kuvu na mchwa. Sehemu yake nyeupe ni pana, na hapo ndipo mnunuzi hudanganyika, maana ubao wenye upande mmoja mweupe huuzwa kwa jina lile lile la mulombwa.

Wa tatu ni mupapa, mti wa jamii ya afzelia ambayo huko Ulaya iko katika daraja la 1. Ni mzito kuliko mulombwa na hautembei sana. Kwenye pwani ya Kenya unaitwa mbambakofi, na mafundi waliutumia kwa milango ya kuchongwa inayokabili upepo wa bahari.

Muputu na miti mingine ya jamii yake, inayojaza sehemu kubwa ya msitu, si mbao ya kuweka nje. Inafaa kwa makala na kwa kazi za ndani, lakini ikigusa udongo haikai. Mkaratusi unapatikana kwa urahisi na unakua haraka, ila ukiwa mchanga una sehemu nyeupe kubwa na unapasuka sana unapokauka. Nguzo za mkaratusi za nyaya za umeme hudumu kwa sababu zimesukumiwa dawa kwa mashine kiwandani. Dawa ya kupaka kwa burashi haiingii ndani namna hiyo.

Wapo wanaofikiria kuleta azobe au kambala kutoka misitu ya kaskazini. Azobe ni ngumu kweli: Waholanzi wanaitumia kwa milango ya mifereji yao ya maji. Lakini hadi ifike Likasi, safari yenyewe inaweza kula pesa nyingi kuliko ubao, wakati mubanga umesimama karibu zaidi.

Mti wa miaka 80

Mulombwa unahitaji karibu miaka 80, au zaidi, kufikia unene wa kupasuliwa mbao. Mti unaokatwa Kapolowe mwaka huu huenda ulichipuka wakati ziwa lenyewe bado ni changa. Wakati huohuo, mahitaji ya makala ya Lubumbashi na Likasi yanafyeka msitu kabla miti michanga haijafika unene huo.

Jimbo limekwisha kuona mfano wa mukula. Mti huo mwekundu ulisakwa mno katika miaka ya 2010 kwa ajili ya soko la China, magogo yakivuka mpaka kuelekea Zambia. Mwaka 2019 mukula uliingizwa katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Novemba 2022, huko Panama, nchi wanachama ziliongeza miti yote ya Afrika ya jamii ya mulombwa na ya jamii ya mupapa. Afrormosia ilikuwa humo tangu 1992.

Orodha hiyo inahusu kuuza nje ya nchi: bila kibali cha CITES, mbao hazivuki mpaka kihalali. Haimkatazi mkaaji wa Likasi kujenga terasi. Lakini ndani ya nchi kuna Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti 2002, na kukata miti kwa biashara kunahitaji kibali. Tena bonde la Lufira lina hifadhi ya viumbe na mazingira iliyotambuliwa na UNESCO mwaka 1982. Mnunuzi ana haki ya kumuuliza muuzaji karatasi za mbao zake, na mwenye mbao halali hana sababu ya kukasirika.

Hata matajiri wameanza kuhesabu. Mji wa New York, ambao njia zake za kutembelea ufukweni zilijengwa kwa mbao ngumu za Amerika ya Kusini, ulitangaza mwaka 2008 mpango wa kupunguza mbao za misitu ya tropiki.

Kujenga ili mbao zikauke

Kuvu haziwezi kuozesha ubao ambao maji yake hayafiki asilimia 20 ya uzito wake mkavu. Basi namna ya kujenga ina uzito sawa na jina la mti. Nguzo isizikwe udongoni. Isimame juu ya jiwe au zege, na kipande cha chuma katikati. Kati ya ubao na ubao iachwe nafasi ya milimita 5 hivi, maji yapite. Sakafu iinamishwe kidogo, na chini yake upepo upite. Visi zisizoshika kutu ni bora kuliko misumari, na tundu litobolewe kwanza. Pale maji ya ziwa yanapopanda na kushuka, nguzo zifungwe kwa namna ya kuweza kubadilishwa moja moja bila kubomoa gati lote.

Oili chafu ya magari, ambayo wengine hupaka juu ya mbao, haiingii ndani sana. Mvua huiosha, nayo huishia ziwani, mahali samaki wa soko wanapovuliwa.

Kabla ya kulipa

Mnunuzi aangalie ncha ya ubao, maana huko kiini na sehemu nyeupe huonekana wazi. Akikuta weupe, aukatae kwa kazi ya nje au autumie ndani ya nyumba. Kisha achukue kipande, akipime kwenye mizani, akiweke kivulini penye upepo kwa wiki moja na kukipima tena. Kikipungua uzito, mbao bado ni mbichi. Zipangwe chini ya paa, juu ya vijiti, kwa miezi kadhaa kabla ya kufungwa.

Mwisho ni hesabu. Ubao wa kiini ukiuzwa mara tatu ya bei ya ubao mweupe, huonekana ghali siku ile ya kulipa. Ukidumu miaka 20 wakati ule mwingine unabadilishwa kila baada ya miaka minne, ule wa bei rahisi utakuwa umenunuliwa mara tano, na fundi atakuwa amelipwa mara tano vilevile.