Kwa nini kumbukumbu ya tarakilishi hufutwa kabla ya kutumika upya

MPANGAJI akihamia nyumba na kukuta kabatini barua na stakabadhi za benki za aliyemtangulia, anaweza kuzisoma zote hata kama hakuja kwa nia hiyo. Ndivyo ilivyo ndani ya tarakilishi. Programu inapomaliza kazi na kurejesha kumbukumbu iliyokuwa ikitumia, yaliyoandikwa humo hayatoweki. Hubaki palepale hadi yaandikwe mengine juu yake.

Mwenye nyumba hapa ni kiini cha mfumo wa uendeshaji, sehemu inayozigawia programu zote kumbukumbu. Katika Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka wa 1991 na ambao kiini chake ndicho msingi wa simu za Android zilizotapakaa nchini, kumbukumbu hukatwa vipande viitwavyo kurasa, aghalabu vya baiti 4,096. Kabla ya ukurasa kukabidhiwa programu ya kawaida, kiini huujaza sufuri. Bila hivyo, mchezo wa simu ungeweza kuchungulia neno la siri lililoachwa na programu ya benki.

Utata uko katika kumbukumbu ambayo kiini hujitengea chenyewe. Amri ya kawaida, kmalloc, hutoa nafasi jinsi ilivyo, pamoja na takataka zake, na mwandishi wa programu hutarajiwa kujaza kila sehemu. Akisahau moja, kiini chaweza kuzichukua takataka hizo kana kwamba ni anwani halali, na mashine nzima ikakwama. Lililo baya zaidi, kwa kuwa halionekani, ni kiini kunakili rekodi hiyo na kuipeleka kwa programu iliyoiomba, mabaki ya siri yakiandamana nayo. Hata mwandishi makini hunaswa: maandishi yake yanapotafsiriwa kuwa lugha ya mashine, mapengo madogo huachwa baina ya sehemu za rekodi, nayo hayana hata jina la kuyajazia.

Mwaka wa 2005 iliongezwa amri ya kzalloc, inayotenga na kufuta kwa pamoja. Lakini bado mwandishi alipaswa kukumbuka kuitumia.

Mbona basi kila kitu kisifutwe? Kufuta hula muda. Nafasi inayosubiri data kutoka kwenye diski itaandikwa juu yake mara moja, na kuifuta kwanza ni kufagia ua mvua ikikaribia. Hata hivyo, toleo la 5.3 la mwaka wa 2019 liliwapa wenye mashine hiari ya kulazimisha ufutaji kila kumbukumbu inapotengwa. Maelezo ya Linux yenyewe yanasema gharama huwa chini ya asilimia 1 katika hali nyingi, ingawa majaribio mengine yalifika asilimia 7.

Hiari ya pili hufuta kumbukumbu pindi inaporejeshwa, ili siri isikae humo ikingoja mpangaji mwingine. Hiyo hugharimu asilimia 3 hadi 5.