Wanaume Watano wa Gusii Waliotingisha Viwanja

Matatu inayopita Sironga, hapa Gusii, ina viti 14. Nimechagua wanaume watano tu wa kwetu, hata nusu ya gari hawajazi, lakini rekodi walizobeba hazitoshi kwenye keria!

1. Wa mwanzo kabisa: Nyandika Maiyoro
Mwaka 1954 kule Vancouver, Michezo ya Jumuiya ya Madola, alikuwa wa nne katika maili 3. Olimpiki ya kwanza ya Kenya, Melbourne 1956, alishika nafasi ya 7 katika mita 5,000. Roma 1960 akapanda hadi ya 6 kwa dakika 13:52.8. Alipoacha mbio, omogaka (mzee) huyu alirudi nyumbani kusimamia uwanja wa Kisii.

2. Wa juu zaidi: Naftali Temu
Mji wa Kisii uko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mexico City ni mita 2,240. Huko, Oktoba 1968, Temu alizunguka uwanja mara 25 kwa dakika 29:27.4, akamwacha Mamo Wolde wa Ethiopia kwa sekunde 0.6, muda wa kukonyeza jicho. Ndiyo dhahabu ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Ya kwanza!

3. Mwenye kasi kuliko wote: Charles Asati
Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edinburgh 1970, alishinda mita 400 kwa sekunde 45.01. Hiyo ni karibu kilomita 32 kwa saa. Boda boda yenye abiria wawili na mkungu wa ndizi, ikipanda vilima vyetu, haimfikii. Miaka minne baadaye, Christchurch, akashinda tena.

4. Wengi zaidi kwenye kijiti kimoja
Olimpiki ya Munich 1972, mbio za kupokezana kijiti, mita 400 mara nne: Asati, Hezahkiah Nyamau, Robert Ouko, kisha Julius Sang wa Nandi akimalizia. Watatu kati ya wanne ni wa Gusii! Dakika 2:59.83, Uingereza nyuma kwa sekunde 0.63. Marekani hawakushiriki, kwa kuwa Vince Matthews na Wayne Collett walifungiwa kwa jinsi walivyosimama jukwaani, naye John Smith alikuwa ameumia. Wapo wanaoitaja habari hiyo ili kupunguza ushindi wetu. Mimi sikubali: kijiti hakijipeleki chenyewe.

5. Aliyefika mbali zaidi nje ya uwanja: Ouko
Mtoto wa Manga alisoma North Carolina Central, Durham, chuo cha Wamarekani weusi, chini ya LeRoy Walker, aliyekuja kuwa mweusi wa kwanza kuongoza makocha wa riadha wa Marekani katika Olimpiki, mwaka 1976. Baadaye Ouko akawa katibu wa chama cha riadha Kenya. Mpime na John Taylor, Mmarekani mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki, naye pia kwa kupokezana, London 1908. Taylor alikuwa na shahada ya udaktari wa mifugo, lakini homa ya matumbo ilimuua kabla ya miezi 5 kwisha, akiwa na miaka 26. Ouko aliishi na dhahabu yake miaka 46.

Kwa sensa ya 2019, kaunti za Gusii, Kisii na Nyamira, zilikuwa na watu 1,872,436, hawafiki nusu ya Nairobi. Na wametoka humo Temu, Asati, Nyamau na Ouko, wote wenye dhahabu ya Olimpiki. Mwalimu wa Sironga, yaandike majina haya ubaoni kesho asubuhi.