Si Kila Anayekosa Shule ni Mtoro

Jumatatu asubuhi, tumbo linauma. Sare iko tayari, chai inapoa mezani, na mtoto wa Gredi ya 8 amejikunja kitandani akisema hawezi. Zahanati inampima malaria na kukosa kitu. Kufikia saa nne maumivu yametulia, na Jumamosi hayapo kabisa. Hapo ndipo wazazi wengi huamua kwamba anadanganya, na kiboko kinatafutwa.

Mara nyingi hadanganyi. Hofu huuma mwilini: moyo hudunda, kichefuchefu huja, usingizi hupotea. Mtoro huondoka nyumbani na sare akaishia sokoni, wala hataki mzazi ajue. Huyu hubaki nyumbani mbele ya macho ya kila mtu, analia, na huenda ndiye aliyekuwa akiongoza darasani.

Sababu ni nyingi. Kuna anayechekwa kwa viatu vilivyopasuka, msichana aliyechafua sare akiwa kwenye hedhi, aliyefiwa na mama, au aliyetolewa darasani kwa sababu ya karo wenzake wakitazama. Wengine humwogopa mwalimu anayechapa, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza adhabu ya viboko na manyanyaso ya kiakili shuleni.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria masomo, ndiyo maana chifu huingilia kati. Lakini mtoto aliyeburutwa hadi langoni huketi darasani bila kusikia chochote, na kesho yake hofu imeongezeka.

Kumwacha tu nyumbani nako kuna hatari. Kila siku anayobaki anapata nafuu, na nafuu hiyo inamzoesha kuamini kwamba shule haiwezekani. Baada ya wiki mbili ana masomo yaliyompita, na wenzake wanamsubiri na swali moja: ulikuwa wapi?

Kwa hivyo mazungumzo yaanze mapema, na yafanyike jioni, wakati mzazi na mtoto wakipika au wakichota maji, wala si asubuhi ya vurugu. Kumwuliza ni saa ipi shuleni humsumbua zaidi huzaa jibu kuliko kumwuliza kwa nini hataki shule. Kisha mzazi aonane na mwalimu wa darasa au wa ushauri nasaha, wakubaliane kuhusu kurudi kidogo kidogo: labda vipindi viwili vya asubuhi kwanza, mtu anayemwamini ampokee langoni, na asihojiwe mbele ya darasa. Zikizoeleka, vipindi viongezwe.

Shule za msingi na za sekondari zinasimamiwa na serikali ya kitaifa, ila zahanati na hospitali za kaunti ni za serikali ya kaunti, na maradhi ya moyo kuwa mzito hutibiwa kama mengine. Mhudumu wa afya ya jamii anayezuru boma anaweza kuelezwa na kumwelekeza mzazi. Mtoto ambaye halali, hali, anajikata au anazungumzia kufa apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Iwapo anapigwa au amedhulumiwa kingono, habari zifikishwe kwa afisa wa watoto katika kaunti ndogo au kituo cha polisi. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto haitozi malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.